Waraka wa Tundu Uliopanda Pikapu Kwenda Newala

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adamu majina ya vitu kabla ya kazi nyingine yoyote, na rehema zimfikie Mtume wetu na watu wa nyumba yake. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanasoma bila miwani mchana, kwa vidole visivyotetemeka, na kwa subira. Hiyo subira nilimwomba katika kila sala, akanipa nyingi, na karibu yote nimeitumia ofisini.

Ninyi wenzangu wadogo wa chumba cha mitambo mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Nimestaafu, kwa hiyo hakuna tena wa kuniandikia barua ya kujieleza. Vyeo vyangu sitavieleza, havikuwa vingi na havikunifundisha kitu. Nitaeleza zaidi habari ya tundu moja katika programu ya seva ya majina, kwa sababu naona mnaanza kuwa na tabia zilezile, na inanichosha.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Newala, kwenye chumba cha kuunganishia simu, kabla hata kompyuta hatujaziona kwenye picha. Kulikuwa na ubao wenye matundu, nyaya zenye ncha za shaba, na kiti kimoja kirefu kilichokuwa kinayumba. Msimamizi alikuwa Mzee Namwewe, mtu mfupi, mkali, aliyekuja na kidumu chake cha maji kutoka nyumbani kwa sababu Newala iko juu mlimani, na maji kule tangu zamani ni ya kuviziwa. Hakunipa vipokea sauti. Alinipa daftari.

"Kariri," alisema.

"Lote, Mzee?"

"Sasa utakariri nusu halafu nusu ya wateja waende wapi? Mtu anakuja hapa na jina, anaondoka na namba. Ndiyo kazi yetu yote."

Nilikariri kwa wiki tatu, kama nilivyokariri juzuu chuoni, kwa kuyumbayumba. Siku nilipoanza kuunganisha, mtu alipiga akasema yeye ni daktari, kwamba amehamia nyumba nyingine, simu zake zote zipelekwe namba fulani. Nikasema ndiyo baba, nikachukua kalamu kubadili daftari. Mzee Namwewe alinipokonya.

"Sauti yake unaijua?"

"Hapana. Lakini amesema yeye ni daktari."

"Na mimi nikikupigia nikasema ni askofu, utapiga magoti?"

"Mimi ni Mwislamu, Mzee."

"Basi nitasema ni sheikh. Sikiliza, binti. Daftari hili likiwa na jina moja la uongo, watu wataita daktari na atakayekuja siye. Mpigie wewe, kwa namba yake ya zamani, umuulize."

Nilipiga. Daktari alikuwa hajahama popote. Nani alikuwa anataka simu zake, sijui mpaka leo. Lakini niliyojifunza siku ile ndiyo niliyoyafanyia kazi miaka yote. Mengine yalikuwa kubadilisha vyombo tu.

Kisha yakaja mageuzi. Shirika likagawanywa, ubao wetu ukang'olewa, wengi tukapunguzwa. Minara ikaanza kuota, na kila mwenye gari na rafiki Dar es Salaam akafungua kampuni. Bwana Nampoto, aliyekuwa mkuu wetu mmoja wa zamani, alifungua yake ya intaneti. Makao makuu aliyaweka Newala, kwao, lakini mitambo ikawekwa Masasi, mtaa wa Mkomaindo, kwa sababu ndiko wateja waliko. Dishi kubwa la setilaiti likapandishwa juu ya bati. Watu wa mtaani wakaliita sinia. Aliniita kazini kwa kuwa nilijua kukariri namba. Nikasoma kompyuta nikiwa mama wa watoto wanne, na nilizielewa haraka kuliko nilivyotegemea, hasa ile seva ya majina, mashine inayoulizwa jina la mtandaoni na kujibu namba ya kompyuta yenye jina hilo. Mtu anakuja na jina, anaondoka na namba. Nikacheka peke yangu. Ilikuwa ni mimi na ubao wangu, ila hii haikuwa na kiti kinachoyumba.

Tatizo ni kwamba Bwana Nampoto aliondoka serikalini lakini hakuliacha faili. Kampuni yetu binafsi, ya kisasa, yenye sinia juu ya bati, iliendeshwa hivi: karatasi yoyote ikiingia inagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, inapewa namba ya folio, linaandikwa dokezo, faili linapelekwa Newala kwa Mkurugenzi, yaani yeye, naye akipata nafasi anaandika "Kubali" kwa wino wa kijani, kisha faili linarudi Masasi. Hata barua pepe ilichapwa kwanza kwenye karatasi ili ipate kugongwa muhuri. Faili lilisafiri kwa pikapu ya ofisi, na pikapu ile kazi yake hasa ilikuwa kupeleka madumu ya maji nyumbani kwa Mkurugenzi. Madumu yakiwa hayajaisha, pikapu haiji.

Fundi wetu mkuu alikuwa Festo, kijana wa Lupaso aliyesomea Dar es Salaam, mwenye akili, ila alipenda sana kitu kionekane kimetengemaa. Seva ya majina ilipoanza kuzimika yenyewe, mara moja kwa siku, kisha mara tano, aliandika programu ndogo ya kuiwasha kila ikizimika.

"Imepona, Mama Zuhura," aliniambia.

"Imepona au inaanguka na kuinuliwa?"

"Mteja anaona tofauti?"

"Mgonjwa wa kifafa ukimsimamisha kila akianguka, umemtibu?"

"Mama Zuhura, wewe ungefaa kuhubiri."

"Nimeshahubiri. Hujasikia."

Seva ilikuwa inaanguka kwa sababu kuna mtu, mahali fulani duniani, alikuwa anaijaribu. Anaisukuma hivi na vile kama anayejaribu mlango. Waraka wa kutueleza jambo hilo ulikuja. Hapo ndipo ninapokuja kwenye aibu yangu mwenyewe.

Waraka uliingia kwa barua pepe asubuhi ya Jumatatu, kutoka kwa watu wanaotunza programu ile. Ulisema wazi: programu ina tundu. Nitawaeleza kwa mfano wa fomu za simu za maandishi tulizokuwa nazo posta. Fomu ina visanduku vyake, herufi moja kila kisanduku. Sasa fikirini mtu analeta ujumbe mrefu kuliko visanduku, na karani badala ya kumwambia "umezidi," anaendelea kuandika, herufi zinatoka nje ya fomu, zinaandikwa juu ya meza, juu ya daftari la amri za mkuu wa posta. Halafu karani huyohuyo anasoma daftari lile na kutii kilichoandikwa humo. Ndivyo ilivyokuwa programu yetu. Mgeni akituma swali lenye umbo fulani, maneno yake yanamwagika kwenye kumbukumbu ya mashine na kugeuka amri. Na kwa kuwa tuliiendesha programu ile kwa mamlaka ya mkuu wa mashine, jambo ambalo hadi leo nikiliona nashika kichwa, mgeni akiingia anakuwa mkuu wa mashine. Waraka ulihimiza: wekeni toleo jipya leo.

Mimi nilifanya nini? Niliuchapa. Nikaugonga muhuri. Nikaupa folio 41. Nikaandika dokezo zuri la mistari minne nikiomba kibali cha kubadilisha programu, nikaliweka faili kwenye pikapu. Mikono yangu ilifanya yenyewe, kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Kisha nikaenda kuswali adhuhuri nikiwa na moyo mweupe kabisa.

Faili likapanda Newala. Pikapu ikaharibika gea.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka sita. Mama Salma, wa kijiji cha upande wa Newala. Binti alikuwa ameungua na uji wa moto akiwa mdogo, na ngozi ya shingo ilipopona ilivuta kidevu mpaka kikashikamana na kifua. Alikuwa akikusalimia anaangalia viatu vyako. Daktari wao kule juu alikuwa ameandika kwa barua pepe kumwombea nafasi kwa wapasuaji wa kigeni waliokuwa wanakuja Dar es Salaam kwa siku chache. Siku zile barua pepe za hospitali yao zilikuwa zinachapwa kwetu na kupelekwa kwa basi, kwa hiyo daktari alimwambia mama aje akae kwa shangazi yake Mkomaindo, asubiri jibu palepale, likija asafiri moja kwa moja. Wapasuaji wakishaondoka, hakuna aliyejua watarudi lini, na shingo ya mtoto ilikuwa inazidi kuvutwa.

Wakawa wanakuja kila asubuhi, wanakaa kwenye benchi letu.

"Shikamoo, bibi," binti anaviambia viatu vyangu.

"Marahaba, Salma. Umelalaje?"

"Salama. Barua imeanguka kutoka kwenye sinia?"

"Bado, mjukuu wangu."

"Sinia lenyewe liko wapi?"

"Liko juu," mama yake anamjibu, na binti anarudi kutazama viatu, kwa kuwa juu hakukuwa mahali macho yake yanapoweza kufika.

Siku ya nne nilimwuliza Festo kama barua za hospitali zinaingia. Akaketi kwenye kompyuta yake, akaiuliza seva jina la hospitali, ikajibu namba sawasawa. "Kila kitu kizuri. Hawajajibu tu hao. Wazungu wana mambo yao." Siku ya sita nikamwuliza tena, akafanya vilevile, akaniambia subira ni nusu ya dini. Nilimwambia dini yangu aniachie mwenyewe.

Siku ya nane ilikuwa Ijumaa. Mama Salma aliketi kwenye benchi. Nikaona amekuja na mfuko wa nguo, umefungwa.

"Unarudi Newala?" nikamwuliza.

"Mama Zuhura, daktari aliniambia wapasuaji wanafunga orodha yao leo. Kama jina lingekuwepo lingekuwa limeshafika. Shamba langu halina mtu, na shangazi ameshachoka, ingawa hasemi."

"Ngoja kidogo."

"Nimengoja."

Hakulisema kwa ukali. Ndiyo maana liliniingia.

Nilikwenda kwenye simu. Nilikuwa na mwenzangu wa zamani wa shirika, Baba Tabu, aliyekuwa na kazi kama yangu Dar es Salaam. Nikamwambia: "Wewe uko nje ya nyumba yangu. Iulize seva yangu jina la hospitali ya kule juu, uniambie inakupa namba gani."

Akanisomea. Tarakimu moja moja.

"Rudia," nikasema. Akarudia.

Mimi namba zetu zote nilikuwa nazo kichwani, kama daftari la Mzee Namwewe. Ile sikuijua. Haikuwa yetu, haikuwa ya jirani yetu, haikuwa ya mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Mgeni alikuwa ameshapita kwenye lile tundu: seva yangu ilikuwa inawaambia walimwengu wote kwamba barua za hospitali zipelekwe kwenye mashine ya mtu asiyejulikana, na mashine ile ilikuwa inazipokea kwa adabu na kuzimeza, hata mtumaji asipate habari kwamba zimepotea. Sisi wa ndani hatukuona kwa sababu Festo, ili mambo yaende haraka, alikuwa ameandika majina ya wateja wetu na namba zao ndani ya kila kompyuta ya ofisi, zikawa haziiulizi seva kabisa. Tulikuwa tunajiuliza wenyewe na kujijibu wenyewe, na tunafurahi.

Nilirudi chumba cha mitambo, nikachomoa waya wa mtandao kwenye ile mashine.

Festo alisimama. "Mama Zuhura, kibali kiko wapi?"

"Kiko kwenye pikapu."

"Mkurugenzi atasema nini?"

"Atasema kwa wino wa kijani, Inshallah, mwezi ujao. Washa seva ya pili."

Akakuna shingo. Seva ya pili, ile ambayo tuliwaandikia walimwengu kwamba ipo, ikitokea ya kwanza imelala, ilikuwa ni mashine hiyohiyo iliyopewa namba mbili. Hili sikulijua. Niliomba dua moja fupi nisije nikasema neno ambalo ningelijibia kesho kwa Mola wangu, nikaondoka.

Kilichobaki ni simu, kazi yangu ya kwanza. Nilimpigia daktari wa Newala, nikamwambia barua zake zimeibwa njiani, anisomee namba ya simu iliyo juu ya barua ya kwanza ya wapasuaji. Nikapiga Dar es Salaam. Akapokea mama mmoja mwenye haraka, mratibu wao.

"Tumewaandikia mara mbili," alisema. "Tuliomba picha na vipimo vya damu. Hamkujibu. Saa sita hii nafasi naipa mtoto mwingine wa Tanga."

"Saa ngapi sasa kwako?"

"Tano na dakika ishirini."

"Nipe mpaka sita kasoro kumi. Ila kwanza nipe namba ya simu yako nyingine, daktari akupigie mwenyewe. Usikubali neno langu mimi, hunijui."

Akauliza: "Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi nilikuwa ninaunganisha simu."

Mtoto damu yake ilikuwa imeshapimwa hospitali ya palepale Mkomaindo, siku ya pili tu walipofika. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wa mama yake, imekunjwa mara nne, ikingoja kuulizwa. Nilimsomea daktari, daktari akapiga Dar es Salaam, akaeleza mtoto jinsi alivyo, na mratibu akakubali kwamba picha itafuata mkononi. Mimi nikairudisha simu mahali pake, mkono juu yake. Mama Salma alikuwa amesimama mlangoni, mfuko begani, binti amemshika kanga. Simu ilipolia tena nilipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Jina limeingia," daktari alisema. "Wafike Jumatatu."

Niliwaambia. Mama Salma aliketi chini sakafuni, si kwenye benchi. Festo ndiye aliyekwenda kuwakatia tiketi, bila kutumwa na mtu, na hilo naliandika hapa kwa sababu mengi niliyomsema ni ya kumlaumu.

Toleo jipya la programu hatukuweza kulivuta kwa mtandao, maana mtandao nilikuwa nimeuchomoa na mashine nyingine hazikuwa za kuaminika. Baba Tabu aliliweka kwenye sidii na kulituma kwa basi. Likalala kivukoni Rufiji siku mbili, mvua zilikuwa zimekaza. Lilipofika, Festo alitaka kuliweka palepale. Nikamwambia ngoja, sidii hii imepitia mikono mingapi? Tukampigia Baba Tabu, akatusomea alama ya uhakiki ya lile faili, ambayo hubadilika faili likichezewa, herufi na tarakimu thelathini na mbili, Festo akifuata kwenye kioo kwa kidole. Nilikuwa ninamsikia Mzee Namwewe, Mungu amrehemu, akiniuliza sauti hii unaijua. Ndiyo, Mzee, hii naijua.

Mashine tuliifuta yote, tukaijenga upya. Mimi niliandika majina kwa mkono kutoka kichwani, kisha tukayalinganisha na daftari. Programu ya majina tukaiendesha kwa jina la mtumishi asiye na mamlaka ya kitu kingine chochote, akiingiwa na mgeni asiwe na cha kumpa. Seva ya pili tukaiomba Dar es Salaam kwa Baba Tabu, mashine nyingine kweli, nyumba nyingine, umeme mwingine. Na kila Jumatatu nikawa nampigia mtu wa nje anisomee majina yangu. Mlikuwa mnanicheka kwa hilo hadi mwaka wangu wa mwisho. Chekeni, lakini mpige.

Barua ya kujieleza niliandikiwa. Mkurugenzi alitaka kujua kwa nini nilizima mtambo wa kampuni bila idhini. Nilijibu kwa ukurasa mmoja: kwamba kosa langu si kuzima, kosa langu ni kwamba siku waraka ulipofika niliugonga muhuri badala ya kuutii, na kwa hilo naomba radhi kwa Mungu, kwa kampuni, na kwa mtoto ambaye karibu nimfungie njia. Hakunijibu. Wiki mbili baadaye pikapu ilipona gea, faili likashuka Masasi, na pembeni ya folio 41 kuliandikwa kwa kijani, kwa mwandiko mzuri sana: "Kubali. Tekelezeni mara moja." Nikaligonga muhuri wa IMEPOKELEWA. Sikuwa na nguvu ya kufanya kingine.

Mwezi uliofuata nilikuwa nje ya ofisi natia udhu pale kwenye pipa. Nikasikia, "Shikamoo, bibi." Nikageuka. Mama Salma alikuwa na kapu la ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kichwani, na binti shingoni ana kitambaa cheupe. Aliniangalia usoni. Nilichelewa kuitikia marahaba mpaka mama yake akacheka.

Lakini binti hakuwa na haja na mimi. Alikuwa ameshainua kidevu, anatazama juu ya bati letu, kinywa wazi.

"Kumbe ndilo lile," alisema. "Mimi nilidhani dogo."

Mwenyezi Mungu akubariki wewe unayesoma haya. Akupe moyo wa kuuliza mara mbili na mkono mwepesi wa kuziba tundu siku unayoambiwa lipo, aziongoze barua zako kwa wenyewe, na akulipe heri kwa kila jina la mtu uliloaminiwa kulitunza. Amina.